Kelele Iliyokuwa Haki: Mhadhara juu ya Neno la Kiingereza "Clamour"

 

Neno ninalolizungumzia ni "clamour". Ukilitafuta katika kamusi zetu utapewa kelele, makelele, ghasia, au malalamiko ya watu wengi kwa sauti kubwa. Kwa Kiingereza cha leo maana hizo ni sahihi. Mhariri wa London akiandika kwamba serikali isiyumbishwe na "clamour", msomaji wake anaelewa mara moja: kuna watu wanapayuka, na wanaopayuka si wa kusikilizwa. Kusudi langu jioni hii ni kuonyesha kwamba neno hili halikuzaliwa na dharau hiyo. Kwa karne nyingi lilikuwa neno la mahakamani na la madhabahuni. Lilitaja tendo zito: mtu aliyedhulumiwa anapaza sauti, na sauti ile inawafunga waliomsikia, hata kama wangependa kuendelea na shughuli zao. Nitatetea rai hii: mlalamikaji aliendelea kulia vile vile alivyolia siku zote, ila wenye mamlaka walihamisha masikio yao wakayapeleka kwenye karatasi, na sauti iliyobaki nje ikapewa jina la fujo.

Nina hoja nne. Hazilingani urefu. Ya pili ndiyo yenye nyama, na nitakaa hapo muda mrefu kidogo.

Hoja ya kwanza: nasaba ya neno

"Clamour" iliingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14 kutoka Kifaransa cha kale, nacho kiliipata kutoka Kilatini: clamor, yaani ukelele, kutokana na kitenzi clamare, kuita kwa sauti. Kitenzi hicho bado kinaishi. Mwitalia akisema chiamare au Mreno akisema chamar, anasema tu "kuita", bila hasira yoyote.

Clamare ina ndugu yake, kitenzi cha kale calare, kutangaza kwa sauti mbele ya watu. Roma ya zamani, kuhani alisimama mlimani Capitolium siku ya kwanza ya mwezi akatangaza siku za mwezi huo zitakavyokwenda. Siku hiyo ikaitwa Kalendae, siku ya kutangaziwa. Riba za mikopo nazo zilidaiwa siku hiyo hiyo, ndiyo maana daftari la mkopeshaji liliitwa calendarium. Kwa hiyo ile kalenda iliyotundikwa ukutani sebuleni kwako, yenye picha ya mlima au ya benki fulani, ni mjukuu wa sauti ya mtu aliyekuwa akitangaza, na ndugu wa daftari la madeni.

Lakini mtoto anayetuhusu zaidi ni "claim", neno ambalo Waingereza hulitumia kwa dai la ardhi, dai la bima, dai la mshahara. "Claim" na "clamour" wametoka katika kitenzi kimoja. Mmoja alisomeshwa, akavaa suti, akaingia ofisini. Mwenzake amebaki barabarani, na siku hizi mkubwa hamtambui mdogo.

Hapa nawaomba wasemaji wa Kiswahili tujitazame, kwa sababu sisi tuna jambo linalofanana na hilo na hatulitaji. Neno letu "dai" limetoka katika Kiarabu, katika mzizi unaomaanisha kuita. Mzizi huo huo ndio uliotupa "dua". Anayedai na anayeomba dua, kwa asili ya maneno yao, wote wawili wanaita. Nalo "shtaki", ambalo leo linatutia hofu ya polisi na kizimba, limetoka katika neno la Kiarabu la kulalamika. Mshtaki wa kwanza kabisa alikuwa mtu mwenye lalamiko. Lugha mbili zisizo na undugu, Kilatini na Kiarabu, zimeliona jambo moja: haki ya mtu huanza pale anapoita.

Hoja ya pili: kelele kama tendo la kisheria

Katika kumbukumbu za mahakama za Uingereza ya karne ya 13, mlalamikaji aliyeshindwa kesi aliandikiwa kwa Kilatini kwamba anatozwa faini pro falso clamore suo, kwa sababu ya clamor yake ya uongo. Karani hakumaanisha kwamba mtu yule alipiga makelele mahakamani. Alimaanisha kwamba dai lake lilikuwa la uongo. Clamor ndiyo iliyokuwa dai. Na mtu aliyeachia haki yake juu ya kiwanja aliandikiwa hati ya quieta clamantia, ambayo hadi leo inaishi katika sheria za ardhi za Marekani kwa jina la "quitclaim", hati ya mtu anayetamka kwamba hadai tena.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Normandy. Huko palikuwa na utaratibu unaoitwa clameur de haro. Mtu akiona jirani anavunja ukuta wake au anachimba katika ardhi yake, hakuhitaji kwanza kumtafuta wakili. Alikwenda pale pale, akapiga magoti kichwa wazi, mbele ya mashahidi, akapaza sauti mara tatu: Haro! Haro! Haro! Kisha akamwita mtawala wake aje kumsaidia kwa kuwa anadhulumiwa. Tangu sauti ile ilipotoka, kazi ilipaswa kusimama. Aliyeendelea kuchimba alikuwa amevunja sheria, hata kama baadaye mahakama ingeona kwamba ardhi ni yake. Na aliyepiga ukelele huo bila sababu ya haki aliadhibiwa yeye. Sauti ilikuwa na nguvu ya zuio la mahakama, na ilikuwa na gharama yake.

Wenyeji wamesimuliana kwa vizazi kwamba haro ni kumwita Rollo, yule kiongozi wa Waskandinavia aliyepewa Normandy mwaka 911, kana kwamba mlalamikaji anasema "Ee Rollo!" Ni hadithi tamu, na inaeleza vizuri imani ya watu kwamba mtawala wa haki husikia hata akiwa kaburini. Wanaisimu hawaikubali. Wao wanalipeleka neno hili kwenye lugha ya Wafaranki, kwenye ukelele wa kale wa kuita msaada. Ukelele huo ulivuka bahari: wahusika wa mshairi Mwingereza Chaucer, aliyekufa mwaka 1400, wanaulia kwa Kiingereza chao wanapopatwa na balaa.

Upande wa bara, Ufaransa ilizifuta sheria za kimila za Normandy ilipotunga sheria moja ya madai kwa nchi nzima mwaka 1804. Lakini visiwa vya Jersey na Guernsey, vilivyobaki na mfalme wa Uingereza baada ya Normandy kupotea mwaka 1204, viliutunza utaratibu huu, na hadi leo ni sheria hai. Kule Guernsey mlalamikaji huongeza Sala ya Bwana kwa Kifaransa, kisha hupeleka maandishi mahakamani. Mwaka 2018 haro ilipigwa huko kupinga kazi ya barabara. Simu za mkononi zilikuwa mifukoni mwa mashahidi, na bado mtu alipiga magoti akaita.

Kisa chenyewe kinachoeleza moyo wa jambo hili ni cha mwaka 1087. Mfalme William, aliyeiteka Uingereza, alifia Rouen mwezi Septemba, na mwili wake ukapelekwa Caen kuzikwa katika abasia ya Mtakatifu Stefano aliyoijenga mwenyewe. Mtawa Orderic Vitalis ameandika yaliyotokea. Maaskofu na mabwana wakubwa walikuwapo, mahubiri yametolewa, watu wameombwa wamsamehe marehemu kama kuna aliyemkosea. Ndipo akainuka mtu mmoja aitwaye Ascelin, akasema mbele ya wote kwamba mahali pale paliposimama kanisa palikuwa pa nyumba ya baba yake, kwamba mfalme alipachukua kwa nguvu, na kwamba anakataza mwili wa mnyang'anyi usifunikwe kwa udongo wake.

Mabibi na mabwana, fikirini uzito wa saa ile. Mtu asiye na cheo anazuia maziko ya mfalme. Walinzi hawakumburura nje. Wakubwa waliwauliza majirani, majirani wakathibitisha kwamba asemayo ni kweli, na Ascelin akalipwa pale pale shilingi 60 kwa mahali pa kaburi tu, akaahidiwa thamani ya ardhi iliyobaki. Kisha maziko yakaendelea. Orderic hatuambii kwamba neno haro lilitamkwa, lakini sheria iliyotenda kazi pale ni ile ile: dhuluma ikitajwa kwa sauti mbele ya watu, shughuli husimama mpaka ijibiwe.

Upande wa Uingereza palikuwa na utaratibu mwingine, ulioitwa kwa Kifaransa cha mahakama hu et cri, yaani yowe na ukelele. Aliyeibiwa au kushambuliwa alipaswa kupiga yowe papo hapo, na kila aliyesikia alipaswa kuacha jembe lake na kumfukuza mhalifu, kijiji hadi kijiji. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285, wakati wa Mfalme Edward wa Kwanza, iliuweka utaratibu huo katika maandishi. Kila mwanamume wa miaka 15 hadi 60 alitakiwa kuwa na silaha nyumbani kulingana na mali yake. Vichaka vilitakiwa kufyekwa futi 200 kila upande wa barabara za masoko. Na kama mwizi hakupatikana, watu wote wa tarafa walilipa hasara ya aliyeibiwa. Kunyamaza kulikuwa na bei.

Ndugu zetu mliotoka Usukumani hamhitaji kufafanuliwa sana. Mwano, ule ukelele wa kuomba msaada, ukilia, mtu hulala tena? Miaka ya 1980 sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walipoenea Shinyanga na Tabora, mwano ndio uliokuwa uti wa mgongo wa kazi yao, na asiyeitikia alitozwa faini. Sidai kwamba jambo hili lilitoka Winchester. Nasema kwamba watu walioishi mbali na kituo cha polisi, huko na huku, waligundua dawa moja.

Lakini lazima niseme upande wa giza, na nausema kwa uchungu. Sheria inayosikia sauti tu humwadhibu asiyeweza kuitoa. Maandishi ya sheria ya Kiingereza ya karne ya 13, yale yanayojulikana kwa jina la Bracton, yanataka mwanamke aliyebakwa aende mara moja, tendo likiwa bado bichi, kwenye kijiji cha karibu, apaze sauti na kuwaonyesha watu waaminifu majeraha na nguo zilizochanika. Aliyeshikwa na hofu, aliyetishiwa kisu, aliyenyamaza kwa sababu aliyemtenda ni bwana wa nyumba, huyo kesi yake ilikuwa imekufa kabla ya kuzaliwa. Na msidhani kivuli hicho kimetoweka. Mawakili mliopo mnajua uzito ambao Mahakama ya Rufani ya Tanzania inampa shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema kabisa. Katika kesi ya wizi wa usiku kanuni hiyo ina hekima. Katika kesi ya mtoto aliyeumizwa na mjomba wake, inahitaji hakimu mwenye moyo mpana.

Hoja ya tatu: kelele mbele ya Mungu

Hii nitaipitia upesi. Kati ya karne ya 10 na ya 12, watawa wa Ufaransa walionyang'anywa mashamba na mabwana wenye farasi na mikuki, nao hawana jeshi, walikuwa na ibada waliyoiita clamor. Wakati wa misa walilala kifudifudi sakafuni, na mara nyingine wakayashusha masalia ya watakatifu kutoka madhabahuni wakayaweka chini, ili mtakatifu mwenyewe ashiriki aibu ya kudhulumiwa. Kisha wakamlilia Mungu, wakiwataja wanyang'anyi. Jirani aliyechukua shamba akajua kwamba ametajwa.

Walilipata wapi neno hilo? Katika Biblia ya Kilatini. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 3, Mungu anamwambia Musa kwamba ameusikia clamor wa watu wake chini ya wasimamizi wa Misri. Katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 4, waumini wanaagizwa waondoe kwao uchungu, hasira na clamor. Neno ni moja. Sasa tazameni tafsiri. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia "cry" kwa watumwa wa Misri, na "clamour" kwa waumini wanaogombana. Biblia yetu ya Kiswahili imefanya hivyo hivyo: kule ni "kilio", huku ni "kelele". Siwalaumu watafsiri, maana muktadha unawatetea. Lakini tumeona kwa macho yetu sauti moja ikigawanywa sehemu mbili, ya kusikilizwa na ya kunyamazishwa, na aliyegawa ni mtu aliyeshika kalamu.

Hoja ya nne: jinsi neno lilivyoshushwa cheo

Mwaka 1661, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kurudi kwa mfalme, Bunge la Uingereza lilitunga sheria dhidi ya maombi ya ghasia. Malalamiko yoyote ya kumwomba mfalme au Bunge libadilishe sheria yasiwe na sahihi zaidi ya 20 bila idhini ya mahakimu watatu au baraza la wazee wa mahakama, na wanaoyapeleka wasizidi watu 10. Someni tena idadi hizo. Haki ya kulalamika ilibaki, na mwaka 1689 ikathibitishwa kwa maandishi. Kilichoondolewa ni umati, na pamoja na umati, sauti. Sheria hiyo ya 1661 ilidumu vitabuni hadi mwaka 1986.

Je, waliokubali kunyamaza na kuandika walisikilizwa? Mwaka 1842 wafanyakazi wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura walipeleka Bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya milioni tatu. Liliandikwa kwa adabu, likabebwa kwa maandamano ya amani. Wabunge 287 dhidi ya 49 walikataa hata kuwaita wawakilishi wa waombaji waeleze. Hapo ndipo ninapowaomba wale wanaosema "lalamikeni kwa utaratibu" wasimame kidogo na kutafakari. Utaratibu ulifuatwa.

Wanawake walishushwa mapema zaidi, na kwa ukatili zaidi. Katika vijiji vya Uingereza vya karne ya 14 mwanamke hakuketi katika baraza la mahakama, lakini aliweza kupiga yowe la kisheria, na kumbukumbu zinaonyesha wanawake wengi walilipiga. Baada ya tauni kubwa ya miaka ya 1348 na 1349, mahakama zilianza kuwashtaki watu, wengi wao wanawake, kwa kosa jipya la kuwa "scold", mtu wa mdomo, mgomvi wa kijiji. Neno lenyewe yaelekea lilitoka Skandinavia, kutoka skald, mshairi, kwa kuwa mshairi wa kule alijua kumchana mtu kwa beti. Wapenzi wa malumbano ya ushairi wetu na wa mipasho ya taarabu watalielewa hilo bila mkalimani. Baadaye adhabu mojawapo ikawa kufungwa kwenye kiti na kuzamishwa mtoni. Kule Uskoti, tangu karne ya 16, palikuwa na hatamu ya chuma iliyofungwa kichwani, yenye kibati cha kukandamiza ulimi.

Mwaka 1829 mwandishi wa habari Anne Royall, mwanamke mzee aliyewaandama wakubwa kwa kalamu na kwa kinywa, alitiwa hatiani mjini Washington kwa kosa hilo hilo na kutozwa dola 10. Uingereza ililifuta kosa hilo mwaka 1967 tu. Katika Kilatini cha mahakama lilikuwa na jina lenye umbo la kike peke yake, communis rixatrix. Mwanamume aliyelalamika kwa sauti aliweza kuwa mdai, au mkorofi, au mwanasiasa. Mwanamke aliandaliwa kosa lake maalumu.

Kazi iliyo mbele

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimezungumza juu ya Kiingereza kwa sababu kumbukumbu zake zimetunzwa. Zetu hazijakusanywa, na wakati umetufikia. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Makarani na watafsiri wanaamua sasa hivi, wiki hii, jalada kwa jalada, ni wakati gani waandike "kilio", "lalamiko", "dai", "shtaka" au "kelele". Kila uamuzi wao utasomwa na hakimu. Naomba wanasheria na wanaisimu waliomo ukumbini wakae meza moja na kuandaa mwongozo wa istilahi hizi kabla mazoea hayajawa magumu kuvunjwa.

Kule Kenya, Ibara ya 37 ya Katiba ya mwaka 2010 imeweka pamoja, katika sentensi moja, haki ya kukusanyika, kuandamana kwa amani bila silaha, na kupeleka maombi kwa mamlaka za umma. Sauti na karatasi zimewekwa bega kwa bega. Kwa aliyesoma historia ya 1661, ibara hiyo ni jambo kubwa. Itakavyotafsiriwa na polisi barabarani na majaji mahakamani katika miaka ijayo ni suala ambalo vijana mliopo mtalishuhudia, na wengine mtalitetea ninyi wenyewe.

Na kwa wanafunzi wa isimu ninayo kazi ya mikono. Yowe, ukunga, mwano, nduru, kamsa: kila mmoja wenu anazo nyingine za kwao ambazo mimi sijazisikia. Nendeni kwa wazee. Ulizeni nani alikuwa na haki ya kupiga ukelele huo, kwa jambo gani, nani alilazimika kuitikia, na aliyepiga bure alifanywa nini. Ulizeni pia juu ya wanawake. Andikeni kwa lugha ya mahali penyewe kwanza, kisha kwa Kiswahili, na rekodini sauti zenyewe kwa simu zenu. Ninapendekeza tukutane hapa hapa baada ya mwaka mmoja tuanze kuyapanga mtakayokuwa mmeyakusanya. Katibu amekaa mlangoni na daftari. Walio tayari waandike jina, wilaya na lugha kabla ya kutoka.